Mkia wa Kikao

Ambilikile Tweve alinyoa ndevu Jumanne tu. Siku nyingine aliziacha ziote zitakavyo, maana huko juu Kitulo, kwenye baridi inayokaa mpaka ndani ya mifupa, nani wa kumtazama? Ghala zima la kumbukumbu lilikuwa na watu wawili: yeye, na mlinzi wa getini ambaye kwa miaka mitatu walikuwa wakisalimiana kwa kupungiana mikono. Lakini Jumanne majalada mapya ya vikao yaliletwa na mtambo kutoka mjini, na miongoni mwake lilikuwamo la chumba namba 4417, na katika 4417 alikuwamo Mama Namsifu. Huwezi kwenda kwa mama wa watu na ndevu za mbuzi.

Usicheke. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mkewe, Sekela, alikuwa amelala chini ya mikaratusi miaka mitatu sasa, na mtoto hawakujaliwa. Kazi hii aliiomba mwenyewe, kwa sababu tangazo lilisema anahitajika mtu mwenye uwezo wa kukaa peke yake, naye akajiambia, eh, hilo nalo ni la kusomea? Alichemsha chai, akavaa koti juu ya koti, akakaa mbele ya kioo cha kuonea vikao na kufungua mkia.

Mkia, kwa watu wa kazi ile, ni kile kipande kinachobaki kikao kikishakwisha. Mnajua wenyewe tunavyoagana. Mwenyekiti anasema tumemaliza, halafu inakuja haya basi, haya msalimie shemeji, haya na yule mtoto kikohozi kimepoa? Robo saa inapita watu wako mlangoni. Vikao vya kwenye vioo vilikuwa vile vile. Wanatoweka mmoja mmoja hadi anabaki mtu wa mwisho, mara nyingi mzee asiyejua kufunga, au asiyetaka. Zamani mitambo iliendelea kurekodi tu, na watu wakaumbuka: huyu kanaswa akimsengenya mkwe, yule akivua shati, mwingine akilia peke yake. Ndipo ikatungwa Sheria ya Hodi.

Sheria ilisema kioo kisirekodi mtu bila kubisha. Mtambo wa kubisha ukaitwa bawabu. Kikao kikianza, bawabu anapiga hodi na kuomba kurekodi. Ukijibu karibu, umekubali. Akibaki mtu mmoja anabisha upya, kwa sababu ruhusa ya wengi si ruhusa ya aliyebaki peke yake. Ukinyamaza mara tatu anaondoka zake, kama adabu inavyotaka. Ukikataa, anahifadhi maneno yako ya kukataa, hayo tu, yawe ushahidi, kisha anafunga. Waliotunga sheria ile walipongezana sana kwa kuiingiza mila ndani ya mtambo. Kitu kimoja tu walikisahau, na ni ajabu, maana wote walilelewa na mama zao. Mtu wa kwetu akisikia hodi, mdomo unasema karibu kabla kichwa hakijauliza ni nani na anataka nini.

Na Mama Namsifu Mbwambo, mjane wa miaka sabini na tisa huko milima ya Upare, alikuwa mkaribishaji hasa.

Jumanne hiyo kama Jumanne zote, watoto wake wanne walikuwa wameaga na kutoweka. Bawabu akabisha, akasema mama amebaki peke yake, akaomba kuendelea kurekodi.

"Karibu, mgeni, karibu ndani," akasema Mama Namsifu. "Kiti chako hicho."

Akakivuta kiti kwa mguu na kukisogeza mbele ya kioo. Kila Jumapili alikivuta. Kisha akaanza habari: tangawizi imepata mvua, mbuzi amezaa mapacha, kwaya ya kanisani imegawanyika kwa ajili ya sare. Akauliza, kama kawaida yake, mgeni amekula?

"Nimekula, mama," akajibu Ambilikile, huko Kitulo, siku mbili baadaye, akiijibu picha. Alikuwa amezoea kujibu.

Alianza kumsikiliza Februari, kihalali kabisa. Kila msikilizaji alipewa vyumba kadhaa kwa kura ili kukagua kama bawabu anabisha sawasawa. Vyumba vingine alivikagua kwa dakika tano. Hiki alikaa nacho mpaka mwisho, na wiki zikawa miezi. Ndiyo maana alijua jambo ambalo watoto hawakulijua. Mwezi Machi Mama Namsifu alikiegemea kile kiti kitupu na kusema, "Wewe nakwambia kwa sababu huna mdomo." Alikuwa haoni. Jicho la kulia lilizima Pasaka ya mwaka juzi, la kushoto likafuata. Presha ya macho, alisema daktari, na walichelewa. Jirani yake, Mama Chediel, ndiye aliyemkalisha mbele ya kioo kila Jumapili na kumnong'oneza nani amevaa nini kabla ya kwenda zake. Watoto wakaulizwa kuhusu mashati yao ya bluu, wakafurahi.

Kwa nini afiche? Alilieleza hilo pia. Wangempeleka Dodoma kwa Nakijwa, binti yake mkubwa, ghorofa ya tisa. Hapa alijua hatua kumi na saba mpaka jikoni, thelathini na moja mpaka kaburi la mumewe ukingoni mwa shamba la tangawizi, na kila asubuhi aligusa saruji yake kumwamkia. "Hapa macho hayapo lakini naona," alisema. "Huko ndiko nitakuwa kipofu kweli."

Ambilikile alilia siku ile, na hakujificha, maana hapakuwa na wa kumficha.

Sasa Jumanne hii mama alikuwa na mawili ya kusema. La kwanza, amekosea mahali. Nakijwa alikuwa amemwonyesha kitu kwenye kioo na kumwuliza, mama, umemwona mjukuu wako mpya, anafanana na nani? Naye akasema, baba yenu mtupu. Wote wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea na mengine. "Sijui alinionyesha nini, mgeni," alisema, na sauti yake ilikuwa na hofu. Ambilikile alirudisha jalada nyuma akatazama. Nakijwa alikuwa ameinua sahani ya chakula, nyeupe, tupu.

La pili alilisema akicheka. Jumamosi moto wa kuni ulishika kanga yake, akauzima kwa maji ya kuoshea vyombo, mkono ukaungua kidogo. Akauinua mkono wenyewe, umefungwa kitambaa, akimwonyesha mgeni. Ule haukuwa mkono ulioungua kidogo. Chai ya Ambilikile ilipoa mezani, na tangu hapo hakulala vizuri.

*

Alhamisi ombi likafika. Mwalimu Nakijwa Elisamia Mbwambo, mshiriki wa chumba 4417, aliomba mikia yote tangu Februari. Alikuwa ameandika kwa mkono chini ya fomu: mama yetu anatuficha kitu, na kama anakisema tukishaondoka, tunataka kukijua kabla hajatutoka.

Bi. Shekilindi, mkubwa wa wasikilizaji, alitokea kwenye kioo kutoka ofisini kwake Dodoma akiwa na rundo la maombi ya namna hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi. Ambilikile akamwuliza, akizungukazunguka, ingekuwaje kama msemaji hakujua kwamba kuna binadamu anayesikiliza. Bi. Shekilindi akataka kujua kama msemaji alisema karibu au hakusema. Alisema. Mara ngapi? Jumapili ishirini na mbili.

"Basi, Mzee Tweve, huyo amekubali kuliko mtu yeyote nchi hii," akasema. "Saini, jalada liende. Mwisho Jumatatu."

Akauliza kama kuna njia ya kulizuia. Ipo moja: msemaji mwenyewe aombe kufuta. Basi aulizwe, akasema Ambilikile. Bi. Shekilindi akavua miwani. Akamkumbusha kwa upole kwamba msikilizaji haingii chumba anachokisikiliza, hata kwa dakika moja, na kanuni hiyo haikuwekwa kumkomoa mtu. Ni ya kumlinda msemaji. Ukae kimya miezi mitano ukisikia siri za mama wa mtu, halafu siku moja umtokee? Unataka kumuua kwa mshtuko? Na tazama, hakukosea.

Ijumaa na Jumamosi Ambilikile alitembea kati ya safu za mitambo, mikono mifukoni, akihesabu hatua bila kujua anahesabu. Akiitoa mikia, watoto watafika kesho yake na gari, mama ataokoka na moto, na atajua kwamba kiti kile alichokuwa akikivuta kilimuuza. Akiizuia, siri itabaki salama na mama ataungua nayo ndani ya nyumba. Hayo mawili yalikuwa yanatosha kumkosesha mtu usingizi. Lakini lilikuwapo la tatu, na alilitazama usoni kwa sababu hakuwa mwongo: mikia ikitoka, au ikifutwa, nani tena atamwuliza kama amekula? Aliona aibu kubwa. Alikuwa ameifanya siri ya mwenzake kuwa chakula chake cha Jumanne.

*

Jumapili akanyoa. Alipompungia mlinzi mkono, mlinzi aliuacha wake juu kwa muda kidogo, huenda kwa kushangaa lile shavu.

Funguo za msikilizaji zilimwezesha kuona chumba moja kwa moja. Hakuwahi kuzitumia. Akamwona Mama Namsifu hai, sasa hivi, akitabasamu kuelekea upande usio sahihi. Watoto wakaaga. Mmoja akaondoka, wa pili, wa tatu. Nakijwa alibaki nyuma. Alimtazama tu mama yake, ambaye hakujua kwamba anatazamwa, kisha naye akatoweka.

Ambilikile akamzima bawabu.

"Hodi," akasema mwenyewe. Sauti ilitoka imekauka, kwa sababu hakuwa amezungumza na mtu tangu Alhamisi.

"Karibu, mgeni, kari..." Mama Namsifu akakatisha. Akageuza sikio. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye kiti, akauondoa. "Wewe si yule. Nani?"

"Naitwa Ambilikile Tweve, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Akauliza yuko wapi, naye akamwambia: Kitulo, kwenye ghala, kazi yake ni kusikiliza vikao. Akauliza kama na vyake. Ndiyo, na vyake. Tangu lini? Tangu Februari. Mama Namsifu akainua ule mkono uliofungwa, akaitafuta kanga mabegani, akaivuta mpaka ikafunika kichwa chake. Miezi yote alikuwa amekaa mbele ya kile kioo kichwa wazi, kama mtu aliye kwake. Ambilikile akatamani ardhi ipasuke.

"Muda wote huo umekalia kiti changu," akasema mama, "na hukubisha."

Jibu lilikuwapo. Bawabu alibisha mara ishirini na mbili, sheria ilifuatwa, ushahidi upo. Alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, na akalimeza.

"Sikubisha, mama. Nisamehe."

Nje kwa mama kuku walikuwa wakigombana. Walikaa wakiwasikiliza, wote wawili. Kisha Ambilikile akamweleza yote kwa mpangilio: ombi la Nakijwa, saini ya kesho, na kwamba mama peke yake ndiye mwenye uwezo wa kuagiza mikia ifutwe. Akaulizwa Nakijwa alianzaje kushuku. Hakupenda kulisema, lakini alikuwa amechoka kujua mambo ya mama ambayo mama mwenyewe hayajui.

"Alikuonyesha sahani, mama. Sahani tupu."

Mama Namsifu akacheka. "Nami nikasema sahani imefanana na marehemu baba yake," akasema, akacheka tena, na katikati kicheko kikamgeukia kikawa kilio, kile cha mtu mzima kisicho na sauti. Ambilikile alikuwa amemsikia akilia mara nyingi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuwapo, na aligundua kwamba kuwapo ni kazi nyingine kabisa, wala hakujua aweke wapi mikono.

Mama alipojifuta, akamwuliza, kama ingekuwa yeye angefanyaje. Ambilikile akasema ukweli: hajui, ila anauogopa ule moto. Tangu Jumanne kila akifumba macho anaiona kanga ikiwaka.

"Umeniogopea wewe? Hunijui."

"Nimekuogopea, mama."

Mama akaifunga vizuri kanga kichwani. Kisha akanyoosha mgongo, na hapo Ambilikile akaona alivyokuwa alipokuwa mwenye nyumba yenye watoto wanne.

"Futa," akasema. "Yote. Habari za macho yangu zitatoka mdomoni mwangu, hazitatoka ghalani."

"Utawaambia?"

"Hilo halikuhusu, baba."

Kweli halikumhusu. Akasema sawa, atafuta leo hii. Akanyoosha mkono kufunga, na mama akamsimamisha. Akamwuliza, na wewe, umekula? Mara ishirini na mbili alikuwa amelijibu swali lile, na jibu halikuwahi kufika.

"Bado, mama."

"Nenda ukale. Na ukitoka hapa usirudi." Akapapasa pembeni, kama anayetafuta kitu alichokiweka vibaya. "Marahaba."

*

Alifuta mikia ishirini na miwili jioni ile. Kidole kilimwasha kusikiliza mmoja tu wa mwisho, ule wa mbuzi na mapacha, lakini hakusikiliza. Kisha akaandika mwenyewe taarifa kwamba ameingia chumba 4417 kinyume cha kanuni. Bi. Shekilindi alimwandikia barua ya onyo, kali, yenye mihuri miwili, na mwishoni akaongeza kwa kalamu kwamba yeye pia ana mama. Nakijwa akajibiwa kwamba mikia haipo, msemaji ameifuta.

Jumanne iliyofuata alinyoa, kwa mazoea. Jalada la 4417 lilikuwa na mistari mitatu tu. Kioo cha mama kilijiwasha chenyewe saa kumi, hakuna mtoto aliyeingia, bawabu akabisha. Hodi ya kwanza: hakuna jibu. Hodi ya pili: hakuna jibu. Hodi ya tatu: hakuna jibu.

Jamani, wiki hiyo asikwambie mtu. Kimya kile kingeweza kuwa hasira ya mama anayejua sasa kuna masikio, na hasira ni haki yake. Kingeweza pia kuwa nyumba iliyoteketea. Namba ya Nakijwa ilikuwa kwenye fomu, tarakimu kumi. Aliibonyeza mara nne ikabaki tarakimu ya mwisho, na mara nne akaifuta. Angesema nini? Mama yenu ana siri? Alikuwa ameambiwa halimhusu, akakubali kwa mdomo wake. Alijifunza wiki ile kwamba kuheshimu mlango wa mtu maana yake ni kubaki nje hata unaposikia harufu ya moshi, na hakuwa na hakika kama ni heshima au ni uoga. Mpaka leo hana hakika.

Jumanne ya pili hakunyoa. Alifungua jalada akiwa amesimama.

Hodi ya kwanza: amekataa. Chini yake, sekunde sita za sauti, ule ushahidi ambao sheria inamruhusu bawabu kuuhifadhi. Akaufungua.

"Leo hapana, mgeni," ilisema sauti ya Mama Namsifu, kwa haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. "Nyumba imejaa."

Nyuma yake vyombo viligongana, mwanamke mmoja akauliza chumvi iko wapi, na mtoto mchanga akalia. Kisha bawabu akafunga.

Ambilikile hakuirudia. Akasema, haya, mama, kwa sauti, peke yake kati ya mitambo. Alifurahi, tena sana, na furaha ile ikamwacha akiwa amesimama katikati ya chumba bila mahali pa kuipeleka. Watoto walikuwa wamekuja tu, au wamekuja kumchukua mama yao? Mama alikuwa amemwambia Nakijwa, au Nakijwa alipanda basi bila kuambiwa? Hatajua. Chumba kile kilikuwa na mlango sasa.

Jikoni viazi vilikuwa vimeiva. Aliepua sufuria, akaifunika kwa sahani, akavaa koti la pili, akashuka hadi getini. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ukungu na bomba lake lilitoa moshi. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba miaka mitatu hii hajamwuliza jina.

"Hodi," akasema.

Ndani kimya. Akahamishia sufuria mkono wa kushoto, kwa kuwa ilikuwa inamuunguza, akabisha mara ya pili.